Mbwa Anapogeuka: Ukali wa Kawaida na Ukali wa Ugonjwa

Katika kata ya Zagayu, eneo la Bariadi ya zamani mkoani Simiyu, kaya isiyo na mbwa ni nadra. Mbwa hulala karibu na zizi, hufuatana na watoto machungani, na usiku ndiye wa kwanza kumsikia fisi. Kazi hiyo yahitaji ukali kidogo, wala hakuna mfugaji atakaye mbwa mpole kupindukia. Swali linalotufikia sisi hospitalini ni jingine: ukali huo umetoka wapi?

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mtoto wa miaka tisa kutoka vijiji vya upande huo, aliyeumwa mkononi na mbwa wa kwao. Baba yake alieleza kwa utulivu kwamba mbwa alikwamwa na mfupa kooni: tangu juzi yake hakula, taya lilikuwa limelegea, mate yakimtiririka. Mtoto alipoingiza mkono kumsaidia, akaumwa. Mbwa hakubweka wala hakumfukuza mtu, basi hakuna aliyewaza kichaa cha mbwa. Jeraha lilifungwa kitambaa, na siku nne zikapita. Mbwa alipokufa ndipo mjomba mmoja aliposhtuka akawahimiza waende kutibiwa. Zahanati ya kwanza waliyopitia haikuwa na chanjo. Mtoto yule yu hai leo, na kwa haki aliyemwokoa ni mjomba kuliko sisi madaktari.

Kisa hiki kinafichua kosa ambalo hata watumishi wa afya hulifanya. Tumezoea kumtazamia mbwa mwenye kichaa akimbie ovyo, aume watu, ng'ombe na hata vijiti. Yupo wa namna hiyo. Lakini yupo pia mwenye kichaa cha kimya, ambaye hujificha gizani, hupooza taya na koo, hubadilika sauti, kisha hufa. Mbwa aliyekuwa mkali akawa mpole ghafla atiliwe shaka sawasawa na mpole aliyegeuka mkali. Kinachotisha ni badiliko lisilo na sababu.

Ukali wa kawaida, kinyume chake, una sababu inayoonekana ukiitafuta. Mbwa jike hulinda watoto wake. Mwenye njaa hulinda mfupa. Mwenye kidonda au sikio bovu huuma anaposhikwa penye maumivu. Sababu kubwa, hata hivyo, ni hofu. Na kabla ya kuuma, mbwa huonya: mwili hukakamaa, macho hukodoa, manyoya ya mgongoni husimama, midomo hufunua meno, naye hunguruma. Mwenye hofu hufyata mkia na kulaza masikio, na watu hudhani amesalimu amri, kumbe anatafuta upenyo. Anayempiga mbwa kwa kunguruma humfundisha kuruka onyo. Siku nyingine atauma bila kutoa sauti.

Hapa sina budi kusema juu ya desturi ya kumfungia mbwa mchana kutwa katika kibanda chenye giza, au kumlisha pilipili, ili awe mkali. Mbwa huyo hajifunzi kulinda. Hajifunzi kumtofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Mbwa hujifunza watu angali mdogo, takriban kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya uhai wake. Aliyeshikwa na kuzoeshwa wageni kipindi hicho atabweka usiku kama kawaida, ila hatamrukia kila apitaye. Mtoto naye afundishwe kutomgusa mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha, na akijiwa na mbwa mkali asikimbie wala kumkazia macho. Asimame kimya, mikono ubavuni. Akiangushwa, ajikunje na kuufunika uso na shingo.

Kwa aliyekwisha kuumwa, tiba huanzia nyumbani. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, bila kutiwa pilipili, majivu wala jiwe jeusi. Kisha aende kituoni siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo usiotoa damu. Mtumishi wa afya ajizuie kushona jeraha haraka, akumbuke pepopunda, na aulize: Mbwa ni wa nani? Alichokozwa? Amebadilika siku hizi? Amechanjwa lini? Yuko wapi sasa? Chanjo haingoji majibu hayo yote. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, inaweza kutolewa ndani ya ngozi sehemu mbili siku ya kufika, kisha siku ya 3 na ya 7 baada yake. Ngozi ikiwa imepasuka, sindano ya kingamwili nayo yahitajika. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona.

Mbwa aliyeuma akiwa mzima, asiuawe kwa hasira. Afungwe na kuangaliwa siku 10. Akizimaliza akiwa na afya, chanjo ya mgonjwa yaweza kusitishwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa kichaa cha mbwa huua Watanzania karibu 1,500 kila mwaka. Kuchanja asilimia 70 ya mbwa hutosha kuukata mnyororo wa maambukizi, na vijiji vinavyopakana na Serengeti vimeshuhudia kampeni za namna hiyo kwa miaka mingi. Kinachokwamisha mara nyingi ni imani kwamba watoto wa mbwa ni wadogo mno kuchanjwa. Nao wapelekwe.

Siku ya sindano ya mwisho, baba wa mtoto yule aliniuliza kama afuge mbwa mwingine. Nilimjibu afuge, kwa kuwa fisi hawajahama. Amchukue angali mdogo, watoto wamzoee, na siku afisa mifugo atakapotangaza chanjo, ampeleke hata akiwa wa kubebwa mkononi.