Lori la maembe limeondoka, pesa iko wapi?

Msimu wa maembe ukifika Garsen, sisi hujua mapema kwa sababu ya simu zinazoingia huduma kwa wateja. Malalamiko mengi yanafanana: mzigo umeshapakiwa, meseji ya malipo ipo, lakini salio ni lile lile la jana.

Miembe ya Tana River imeota kando ya mto, kutoka Hola kushuka hadi Ngao na Tarasaa, na mingi ilipandwa na wazee. Shida yake ni kwamba huiva pamoja na ya jirani. Kwa wiki chache kila mtu anauza, na broka ndiye anayechagua. Embe likishachumwa halingoji. Wenzetu wa Dodoma wanaolima zabibu za mvinyo wanaijua presha hiyo, ingawa wao huvuna mara mbili kwa mwaka na zabibu zao hupimwa kwa kilo. Huku embe huhesabiwa moja moja, ama mti mzima unanunuliwa matunda yakiwa bado juu.

Basi mkulima ana haraka, na mlaghai anaijua haraka hiyo.

Meseji ni maneno tu. Mtu yeyote anaweza kuandika "umepokea shilingi 48,000" na kukutumia kwa namba yake ya kawaida. Angalia imetoka kwa nani, halafu fungua menyu ya simu yako mwenyewe uangalie salio. Usibonyeze linki uliyotumiwa, na usimpe broka simu "akuangalizie". Kama shambani hakuna netiwaki, heri mzigo ungoje hadi mmoja wenu afike penye netiwaki. Dakika ishirini haziozeshi embe.

Ujanja wa pili ni wa pesa "iliyotumwa kimakosa". Pesa inaingia kweli, kisha mtu anapiga akilia umrudishie kwa namba nyingine. Usitume. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni. Ukimtumia mwenyewe, naye huku ameshaomba kurudishiwa, utakatwa mara mbili.

Kuhusu mzigo mkubwa: malipo moja hayawezi kuzidi shilingi 250,000. Broka akisema ametuma laki tatu kwa mkupuo, hapo hapo jua kuna kasoro. Deni la namna hiyo hulipwa kwa awamu, na kila awamu ina namba yake ya muamala.

Hatusemi mabroka wote ni wezi. Wengi hurudi kila mwaka kwa sababu wanalipa, na wakati mwingine sababu ya kuchelewa ni ya kweli. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara huku, magari yakakwama. Lakini "nitalipa nikifika Malindi" ni mkopo, hata kama haukuitwa hivyo. Ukikubali kukopesha, andikianeni idadi, bei na siku ya kulipa, na uchukue arubuni kwa simu kabla embe la kwanza halijachumwa. Iliyobaki ilipwe lori likiwa bado limesimama.

Na kama meseji feki imeshakufikia, usiifute. Tupigie siku hiyo hiyo, kisha upige ripoti polisi upewe namba ya OB. Namba iliyotuma meseji hiyo ndiyo tutakayoanza nayo.