Tiketi Inasema 02:35: Yanayomsubiri Msafiri wa Kwale Katika Uwanja wa Moi

Familia yetu ya Ukunda iliwahi kumsindikiza shangazi kwenda kumwona bintiye aliyeolewa Maskati. Tiketi ilisema Ijumaa, 02:35. Tulifika uwanjani Ijumaa jioni, magari mawili yamejaa, watoto wamevaa nguo za sikukuu, dua imeshasomwa. Askari wa mlangoni aliitazama tiketi, akamtazama shangazi, kisha akasema kwa upole: "Mama, ndege hii iliondoka usiku wa kuamkia leo."

Aliyekuwa amesoma tiketi ile ni mimi, mwenye shahada ya uanahabari. Shangazi alilala siku mbili zaidi akisubiri kiti kingine, na tukachanga pesa za kubadilisha tiketi. Hadi leo, kukiwa na jambo la kusomwa nyumbani, anampa mtu mwingine.

Naeleza aibu hii kwa sababu kosa hilo ni la kawaida kuliko tunavyodhani. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi uko Port Reitz, katika Kaunti ya Mombasa, na kwa mujibu wa Katiba viwanja vya ndege ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, si la kaunti. Lakini ndio mlango wa kimataifa ulio karibu zaidi na wakaazi wa Kwale. Uwanja wetu wa Ukunda unahudumia safari za ndani ya nchi. Anayekwenda Umra, kazini Ghuba, kutibiwa India au kutembelea ndugu Unguja ana sababu ya kujua mambo yalivyo pale Port Reitz kabla hajafunga begi.

Tuanze na hiyo saa. Tiketi hutumia saa 24, na siku mpya huanza saa sita ya usiku, si magharibi wala alfajiri. Saa 02:35 ya Ijumaa ni saa nane na dakika thelathini na tano usiku, Alhamisi ikishalala. Maana yake ni kwamba msafiri anatakiwa awe uwanjani Alhamisi kabla ya saa sita usiku. Ukiona saa inayoanza na 00 hadi 05, hesabu kwamba safari yako inaanza jana yake. Saa 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana. Saa 19:00 ni saa moja jioni. Jambo jingine: saa ya kufika iliyoandikwa ni ya kule uendako. Addis Ababa, Doha na Istanbul saa zao ni sawa na zetu, lakini Dubai na Maskati wako mbele yetu kwa saa moja.

Uwanja huu ulianza kama uwanja wa kijeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ukawa wa kimataifa mwaka 1979. Ukiulinganisha na Jomo Kenyatta, ni mdogo. Udogo huo una raha zake: hutembei masafa marefu na hupotei. Jengo la kwanza ni la safari za kimataifa, la pili ni la safari za ndani. Lakini una gharama yake pia. Ndege za kwenda mji mmoja ni chache. Mashirika mengine huja siku kadhaa tu kwa wiki. Ukiachwa Nairobi, pengine utapata nyingine jioni ileile. Ukiachwa hapa, huenda ukarudi Kwale kulala.

Kwa sababu hiyo, fika saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Si lazima ufike saa nane kabla. Kaunta hufunguliwa kwa ajili ya ndege fulani na hufungwa takriban saa moja kabla ya kuondoka. Muda kamili uangalie kwenye tiketi. Ukija mapema mno utakaa nje kwenye benchi, na maduka si mengi.

Wasafiri wengi wanaotoka hapa hubadilisha ndege njiani, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukinunua safari yote kwa tiketi moja, na ndege ya kwanza ikachelewa hadi ukaikosa ya pili, shirika ndilo lenye wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali kwa sababu ni rahisi kwa shilingi elfu kadhaa, ya pili ikikupita ni hasara yako. Wakala akikuuzia safari, muulize swali moja: "Hii ni tiketi moja au mbili?" Na anayeanzia Ukunda kwa ndege ya ndani ili apande ya kimataifa Nairobi, aulize pia ndege hiyo inatua wapi. Zipo zinazotua Wilson, na kutoka Wilson hadi Jomo Kenyatta ni safari nyingine ya gari katika msongamano wa jiji.

Kuhusu barabara, tangu njia ya Dongo Kundu ikamilike mwaka 2024, msafiri wa Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga halazimiki kuvuka kivuko cha Likoni. Wa Kinango na Samburu hupitia Mariakani. Njia zote hizi hukutana na malori ya bandarini upande wa Miritini na Changamwe, kwa hiyo ongeza saa moja ambayo huihitaji. Ukiihitaji, utashukuru.

Sasa makaratasi. Pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kumalizika, maana nchi nyingi hukataa iliyo chini ya hapo, na shirika la ndege litakuzuia hapahapa Mombasa badala ya kukupeleka ukarudishwe. Kwa Uganda na Rwanda, Mkenya anaweza kusafiri kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo, na Unguja na Pemba ni Tanzania. Wengi wetu tuna ndugu ng'ambo ya mpaka na tumezoea kuona mpaka kama uzio wa jirani. Kaunta ya uwanja wa ndege haina mazoea hayo. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na jamaa, awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi asiyesafiri.

Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kwa hiyo Saudi Arabia, Oman na India ni miongoni mwa nchi zinazodai cheti cha chanjo kutoka kwetu. Chanjo huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa. Ukichomwa wiki ya safari, umechelewa. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, usikitupe ukirudi.

Wanaokwenda kazini Ghuba nawaomba wasome sehemu hii mara mbili. Afisa wa uhamiaji atakuuliza unakwenda wapi, kufanya nini na kwa nani. Si kukutesa. Jibu lako lifanane na viza yako. Ukiambiwa na wakala useme unakwenda kutembea ilhali unakwenda kufanya kazi za nyumbani, jua kwamba ukifika kule sheria itakuhesabu kama mgeni, na siku mshahara usipolipwa hutakuwa na mkataba wa kushika mkononi. Kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri, NEA. Acha nyumbani nakala ya pasipoti, viza, mkataba na jina la mwajiri. Andika kwenye karatasi, si kwenye simu pekee, nambari ya ubalozi wa Kenya wa huko uendako. Tuna balozi Riyadh, Abu Dhabi, Doha na Maskati. Simu inaweza kuchukuliwa. Karatasi iliyokunjwa ndani ya kanga ni vigumu kuonekana.

Mizigo ina mambo yake, hasa kwa watu wa Pwani tusiojua kusafiri mikono mitupu. Pima begi nyumbani. Hata mizani ya duka la nafaka inatosha. Begi la mkononi halibebi kimiminika kinachozidi mililita 100 kwa chupa, na achari, asali na mafuta ya nazi vyote vinahesabiwa humo. Viweke kwenye begi kubwa, vimefungwa vizuri. Kinyume chake, betri za akiba za kuchajia simu hazikubaliwi kwenye begi kubwa. Hizo hubebwa mkononi. Na kuna jambo ambalo hata mimi lilinishangaza: mbata. Nazi iliyokaushwa huorodheshwa pamoja na vitu vya hatari kwa sababu mafuta yake yanaweza kupata joto na kushika moto yenyewe. Mpelekee mwanao korosho au mabuyu.

Muguka na miraa ni biashara ya kawaida kwetu, lakini Saudi Arabia na Falme za Kiarabu ni dawa za kulevya. Kishada kimoja kilichosahaulika mfukoni kinatosha kukupeleka jela. Baadhi ya dawa za maumivu, kama tramadol na zenye codeine, nazo zinadhibitiwa vikali huko. Beba cheti cha daktari na ulize kabla. Usikubali kabisa kubeba kifurushi cha mtu, hata cha jirani, hata cha mtu aliyekulipia tiketi. Nchini Saudi Arabia adhabu ya kusafirisha dawa za kulevya yaweza kuwa kifo, na "sikujua kilichomo" si utetezi wa kutegemea. Ukiona haya kukataa, mwambie umekatazwa na kaunti. Tutakubali lawama.

Ukifika, jiandae kushuka garini na kukaguliwa. Wanaokusindikiza hawaingii ndani ya jengo, kwa hiyo dua, machozi na picha vimalizwe nje, na mapema. Ndani utapeleka begi kaunta na kupewa pasi ya kupandia ndege. Uliza: "Begi langu nalipokea wapi?" Likiwa limeandikiwa mji wa mwisho, usihangaike nalo njiani. Kikaratasi cha begi kitunze. Likipotea, hicho ndicho ushahidi wako. Kisha uhamiaji, kisha ukaguzi wa mwisho. Anayebeba pesa taslimu zinazofikia dola 10,000 au zaidi lazima atangaze kwa maafisa wa forodha.

Ada ya uwanja kwa abiria imeshajumuishwa kwenye bei ya tiketi. Mtu yeyote akikuomba pesa mkononi ili "upitishwe", usimpe. Omba risiti, kisha uulize msimamizi yuko wapi.

Kutoka chumba cha kusubiri, mara nyingi utatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi ya ndege, kwa hiyo shangazi zetu wenye magoti waombe kiti cha magurudumu siku tiketi inaponunuliwa, si usiku wa safari. Huduma hiyo hailipishwi na mashirika mengi. Shangazi yangu aliombewa, akasukumwa hadi mlangoni, na safari hiyo tulikuwa tumefika Port Reitz saa nne usiku, siku iliyo sahihi. Tiketi ilisomwa na mjukuu wake wa darasa la saba.