Ufanisi wa leza si kutumia umeme kidogo

WALIMU kadhaa wa Kiswahili kutoka Meru na Embu wameniuliza neno ‘ufanisi’ lina maana gani linapotumika katika taarifa za sayansi. Swali ni zuri. Katika mazungumzo ya kila siku, neno hili lina udugu na kitenzi ‘fana’: sherehe imefana, mkutano umefana. Ni mafanikio. Mwanafizikia naye anapotaja ‘ufanisi wa nishati’, huzungumzia uwiano: kati ya nishati iliyoingia, ni kiasi gani kimefanya kazi iliyokusudiwa?

Hebu tuchukue mfano wa leza za chipu, vijipande vidogo kuliko ukucha vinavyotoa mwanga unaobeba intaneti katika nyaya za kioo. Leza moja ikitumia miliwati 100 za umeme na kutoa miliwati 40 za mwanga, ufanisi wake ni asilimia 40. Nyingine ikitumia miliwati 50 na kutoa 10, imetumia umeme kidogo, ndiyo, lakini ufanisi wake ni asilimia 20 tu. Kinachobaki hugeuka joto, na joto hilo huidhoofisha leza yenyewe.

Mkulima wa Meru au Embu ataelewa upesi. Maji ya Mlima Kenya yakipitishwa katika mfereji wa udongo, mengi huzama njiani. Dawa si kupunguza maji. Ni kuziba yanakovujia. Zhores Alferov na Herbert Kroemer walitunukiwa Nobel mwaka 2000 kwa kazi ya namna hiyo: kupanga matabaka ya semikondakta yanayozuia elektroni zisitawanyike ovyo kabla ya kuzaa mwanga.

Kisha mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Uswidi, waliunganisha pete mbili ndogo za kupitishia mwanga kwenye chipu. Zaidi ya nusu ya mwanga wa leza ulioingia ikageuka kuwa miale ya rangi nyingi iliyotakiwa. Lakini tahadhari! Huo ni ufanisi wa mwanga hadi mwanga, si wa umeme hadi mwanga.

Basi mwandishi asituambie tu eti leza fulani ‘ina ufanisi’. Aseme ni asilimia ngapi, na kutoka nini hadi nini. Wanaodai Kiswahili hakiiwezi sayansi hudhani tumepungukiwa na maneno. Neno tunalo; tulitumie kwa vipimo.