Vyombo vya Bei Ndogo kwa Mashua Tunazojitengenezea

Wanafunzi wenzetu, wale wanaotoka Uvira, Baraka na Kalemie wanajua mashua ndogo za mbao ambazo baba na kaka zetu wanajipigia wenyewe pembeni ya ziwa Tanganyika. Mbao zikiisha kuungana, shida ya vyombo njo inaanza. Katika duka bei ni kali, basi watu wanatafuta vyuma sokoni na kwa wafundi wa garaji. Si vibaya. Lakini kuna mahali pa kubana franga na mahali pa kutobana hata kidogo.

Tuanze na msumari, juu hapo watu mingi wanadanganyika. Msumari mweusi wa kawaida iko rahisi, lakini chini ya maji unakula kutu ndani ya ubao, na hakuna mtu anayeuona. Tena kutu inaomba nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe: inasukuma ubao, ubao unapasuka, maji yanaingia. Msumari uliopakwa zinki, ule wa rangi ya majivu, unadumu zaidi, kwa sababu zinki inakubali kuliwa mbele ya chuma. Ni zinki ileile ambayo imeipatia Kipushi jina huko Katanga.

Wengine wanaokota waya za shaba na kufungia navyo vyuma vya mashua, wanasema shaba haishiki kutu. Ni kweli kwa shaba, lakini chuma kinachogusana nayo ndani ya maji kinaliwa mbio sana. Wale wa darasa za kimi watakumbuka: metali mbili tofauti ndani ya maji zinakuwa kama betri, na ile dhaifu njo inalipa. Kwa hiyo chini ya maji tuchague metali moja tu.

Katikati ya mbao tusindilie pamba yenye kulowana mafuta ya mawese, kisha tupake lami. Hata safina ya Nuhu ilipakwa ndani na inje (Mwanzo 6:14).

Juu ya maji, hapo sasa tubane. Pa kushikizia kasia hapaombi chuma cha duka: kijiti cha mti mgumu kinapigwa katika ukingo, na kasia inafungwa pale kwa kamba iliyokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu la gari. Kijiti kikivunjika katikati ya ziwa, kingine kinangoja chini ya kiti. Pete za kufungia kamba, fundi wa chuma anazikunja katika kipande cha chuma cha betoni kilichobaki kwenye ujenzi. Kuchota maji, bidoni ndogo iliyokatwa upande inapita kikombe, juu inalala vizuri kwenye sakafu ya mashua.

Tusisahau bidoni za litre 20, zile za mafuta. Tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9 upepo wa kusini unaamsha mawimbi makubwa. Mashua ya mbao ikijaa maji inaweza kuelea bado, lakini haina nguvu ya kubeba watu na mizigo. Fizike inatufundisha kanuni ya Archimedes: bidoni tupu yenye kufungwa, ikizamishwa yote, inasukumwa juu kwa uzito wa maji ya litre 20, ni kusema karibu kilo 20, ukiondoa uzito wake mwenyewe. Mtu aliye majini mpaka shingoni anahitaji kilo chache tu. Bidoni moja basi inasaidia watu wawili au watatu wanaoishikilia, si wanaoipanda! Tuweke mbili mbele na mbili nyuma, chini ya viti, vifuniko vikazwe. Kamba yake iwe ya nailoni mpya na izunguke kiti chote. Ikifungwa kwenye msumari tu, bidoni itang'oka na kwenda zake.

Kila mwaka, mbele ya upepo ule kuanza, mashua ivutwe inje na kukaushwa. Tuangalie kila msumari: ukiona duara nyeusi kwenye ubao na kisu kinaingia pale bila nguvu, msumari ule utoke siku hiyohiyo.