Chini ya Maji ya Mbudya, Mchana na Usiku

Mtu wa Tegeta au wa Mbagala ambaye hajapata kutia mguu wake baharini huenda akastaajabu akiambiwa kwamba usiku wa jana amelala baina ya kuta za matumbawe. Lakini ndivyo ilivyo, kwa sababu saruji iliyojenga nyumba nyingi za Kinondoni na Temeke imetoka katika kiwanda cha Wazo Hill, kilichoanza kazi mwaka 1966, na mawe yachimbwayo kilimani pale ni mabaki ya mwamba uliojengwa na viumbe vya bahari katika zama za kale mno, wakati maji yalipokuwa yameifunika nchi hii ya pwani. Majabali ya Oyster Bay nayo ni ya ukoo huo huo, ingawa umri wake ni mdogo zaidi. Basi habari ya matumbawe si habari ya wageni wa mahoteli peke yao, na kwangu mimi ni ajabu kwamba jiji la Dar es Salaam lenye mamilioni ya watu lina miamba iliyo hai, umbali wa nusu saa hivi kwa mashua, na wenyeji waliokwisha kuiona kwa macho yao ni wachache mno.

Mbele ya Kunduchi na Msasani viko visiwa vya Mbudya, Pangavini na Bongoyo, pamoja na Fungu Yasini, na vyote hivyo vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Upande wa kusini, mbele ya pwani ya Kigamboni, ambayo kabla ya kuwa wilaya ya peke yake ilihesabiwa katika Temeke, viko Sinda, Makatube na Kendwa, vilivyopata hifadhi hiyo mwaka 2007.

Kuzamia si jambo geni kwetu. Tangu zamani wavuvi wa pweza na kambakoche wameshuka kwa pumzi ya kifua tu, na miwani machoni, wakapapasa mapangoni kwa kijiti cha chuma na kurudi juu kabla kifua hakijawaka. Lililo geni ni mtungi wa hewa. Mwaka 1943, nchini Ufaransa, Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kwa kadiri aivutavyo na kwa nguvu iliyo sawa na mgandamizo wa maji yanayomzunguka, na kwa kifaa hicho binadamu akaweza kukaa chini bila ya kamba wala bomba la kumfunga na chombo. Wengi hudhani kwamba mtungini mna oksijeni tupu, na sivyo: ni hewa hii hii tuivutayo sote, imeshindiliwa hata mtungi wa lita 12 ukabeba hewa ya lita 2,400.

Hapo ndipo zilipo hatari zake. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo mmoja kamili wa angahewa, hata hewa ambayo ingemtosha mtu kwa muda fulani juu ya maji humtosha nusu ya muda huo katika mita 10, na robo yake katika mita 30. Ukivuta pumzi kamili katika mita 10, ukaizuia na kupanda nayo juu, hewa hiyo hutaka kutanuka mara mbili ya ujazo wake, na kwa kuwa mapafu hayana nafasi hiyo, yatapasuka. Kwa hiyo sharti la kwanza afundishwalo mwanafunzi ni kutozuia pumzi abadan. Fauka ya hayo, naitrojeni iliyomo hewani huyeyuka damuni kadiri mtu akaavyo chini, na akipanda kwa haraka hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa kwa ghafla, ikamwachia maumivu ya viungo, kupooza, hata mauti. Mskoti John Scott Haldane alitoa mwaka 1908 majedwali ya kwanza ya kupanda kwa vituo, na hata leo mzamiaji hupanda polepole, akasimama dakika tatu katika mita 5, na hapandi ndege siku hiyo.

Mchana, mtu anaposhuka ubavuni mwa kisiwa, kinachomvunja moyo kwanza ni rangi. Maji huimeza nyekundu kabla ya rangi zote, na chini ya mita chache tu kila kitu huwa na buluu na kijivu, hata damu ya kidole kilichochubuka haionekani tena kuwa nyekundu. Lakini akitulia atayaona mambo yakiendelea kwa nidhamu yake: makundi ya kangaja yakila mwani, tasi wakienda wawili wawili, pono wakiuma jiwe kwa midomo yao migumu kwa sauti inayosikika wazi kabisa, kisha wakitoa nyuma yao wingu jeupe la mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tuusifuo ufukweni imepita matumboni mwa samaki huyo, na sijui kama wanaoulalia siku za Idi wangefurahi kuarifiwa.

Matumbawe yenyewe, mchana, huonekana kuwa mawe tu. Kila tumbawe ni maelfu ya viumbe vidogo, kila kimoja ni kifuko chenye mdomo mmoja uliozungukwa na mikono myembamba, na ndani ya nyama yake mnaishi miani midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huipokea nuru ya jua na kumtengenezea mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Maadamu jua liko juu, aghalabu vifuko hivyo hujikunyata ndani ya kuta zake za chokaa na kuwaachia wapangaji kazi.

Usiku mambo hugeuka. Wazamiaji hupenda kuingia baada ya magharibi, wawili wawili, kila mmoja na tochi yake na nyingine ya akiba, kwa kuwa ishara za mikono hazionekani tena, na mviringo wa nuru ukichorwa mchangani ndio wenye maana ya kwamba mambo ni salama. Jambo la kwanza la kustaajabisha ni kwamba gizani rangi hurejea: tochi iko karibu, maji hayapati nafasi ya kuimeza nyekundu, na jiwe lililokuwa la kijivu saa sita za mchana likawaka machungwa na zambarau. Ukilisogelea utaona kwamba halina tena uso wa jiwe. Limeota manyoya, kwani kila kifuko kimetoka nje na kuinyoosha mikono yake kuvizia viumbe vidogo vinavyoelea. Ukiikaza nuru mahali pamoja, vijidudu vya maji huifuata na kuanza kuzunguka mbele ya kioo cha tochi, na vinapoligusa tumbawe hunaswa, mkono ukajikunja kuelekea mdomoni. Kitendo kizima kiko mbele ya pua yako, na chakula umekileta wewe.

Pono amelala chini ya jabali, na baadhi ya jamii zake hujifunga katika mfuko mwangavu wa ute utokao mdomoni mwao, ambao wataalamu wanasema huwakinga na vidudu vinyonyavyo damu, na huenda huficha harufu yao isimfikie mkunga awindaye kwa pua. Samaki wadogo wekundu wenye macho makubwa, waliojificha pangoni mchana kutwa, wametoka kutafuta riziki. Kambakoche wanatembea wazi. Pweza, ambaye wengi tunamdhania kuwa mwindaji wa usiku, mara nyingi ndiye amejipumzisha tunduni, kwa sababu yule pweza mkubwa wa miamba yetu, anayechemshiwa supu vibarazani Temeke kila jioni, huwinda mchana, hususan kwenye macheo na machweo. Na mzamiaji akiificha tochi kifuani mwake, akapunga mkono katika kiza hicho, vidole vyake huacha vimulimuli vya buluu, vinavyotolewa na viumbe vidogo mno kila maji yanapotikiswa.

Si kila mahali pana haya ya kutazama. Uvuvi wa baruti, ulioenea pwani hii tangu miaka ya 1960, uliacha sehemu nyingi zikiwa vifusi, na ubaya wa kifusi ni kwamba hakitulii: kila wimbi hukigeuza, na tumbawe changa lililotua juu yake husagwa kabla ya kushika. Hata mvuvi mwenyewe hapati alichokiua, kwa sababu mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki na wengi wao huzama. Doria za pamoja zilizoimarishwa baada ya mwaka 2015 ziliipunguza sana milio hiyo, na hilo linastahili kusemwa. Joto la bahari ni adui asiyekamatwa kwa doria: mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yaliwatoa wapangaji wao, yakapauka meupe, na mengi ya pwani yetu yakafa, na kurejea kwake ni kwa taratibu, kwani katika yale yenye umbo la jabali, kukua kwa sentimita moja hivi hutaka mwaka mzima.

Majira mazuri ya kushuka ni ya kaskazi, wakati masika bado hayajaijaza mito ya Msimbazi, Mzinga na Kizinga matope ya kutia baharini. Mafunzo ya mwanzo huchukua siku chache na kumruhusu mtu kufika mita 18. Bei zake zimepangwa kwa kumfikiria mgeni, na kwa rai yangu hilo ni kosa, kwa kuwa wanaofaa zaidi kwa kazi ya kuwaongoza watu miambani ni vijana wa Kunduchi na Kigamboni, waujuao kila mkondo na kila pango kwa jina lake. Kuogelea wanakujua, wala kina hawakiogopi. Litakalowapa taabu siku za mwanzo ni kuacha kuizuia pumzi, desturi ambayo baba zao waliwafundisha kwa miaka mingi kwamba ndiyo uzamiaji wenyewe.