MTUMISHI WA NYUMBANI ALIYEPATA KUWA FUNDI WA MICHORO

Tarehe 1 Februari 2025 Waziri wa Fedha wa Bara Hindi, Bibi Nirmala Sitharaman, alipoingia Bungeni kusoma makisio ya fedha ya Serikali, watu waliitazama sana sari aliyoivaa. Ilikuwa ya hariri, nayo ilipambwa kwa samaki. Sari hiyo alipewa na Bibi Dulari Devi wa kijiji cha Ranti, wilaya ya Madhubani, katika jimbo la Bihar. Bibi huyo hakupata kwenda shule, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufagia nyua na kuosha vyombo katika nyumba za watu. Jinsi alivyoacha ufagio akashika kijiti cha kuchorea ni habari inayofaa kusimuliwa, kwani ina mafunzo kwa kila mtu mwenye ujuzi na kwa kila mtu autakaye.

Kuta za Arusi

Madhubani imo katika nchi ya Mithila, karibu na mpaka wa Nepal. Ni nchi tambarare ya wakulima, yenye mashamba ya mpunga na mabwawa mengi ya samaki. Tangu zamani nyumba zake zilijengwa kwa udongo na kukandikwa kwa samadi ya ng'ombe, kama zilivyo nyumba nyingi za mashamba kwetu. Juu ya kuta hizo wanawake walichora picha. Mama alimfundisha bintiye, naye binti akaupeleka ujuzi huo nyumbani kwa mumewe.

Mchoro mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa chumba cha maarusi, uitwao kohbar. Humo huchorwa yungiyungi na mianzi, samaki, kobe, kasuku, jua na mwezi, na kila kimoja kina maana yake ya kuwaombea maarusi baraka na watoto. Vifaa vilipatikana papo hapo kijijini. Weusi ulitoka katika masizi, manjano katika bizari, buluu katika nili, na weupe katika unga wa mchele. Brashi ilikuwa kijiti cha mwanzi kilichozungushiwa pamba.

Katika nchi hiyo watu wamegawanyika katika matabaka ya kuzaliwa, na michoro nayo ilifuata mgawanyiko huo. Wanawake wa tabaka la Brahmin walipenda kujaza rangi nyingi. Wale wa Kayastha, ambao waume zao tangu kale walikuwa makarani na waandishi, walipenda mistari myembamba ya wino mweusi na mwekundu, iliyopangwa kwa uangalifu kama maandishi ya daftari.

Tetemeko na Ukame

Watu wa nje hawakuijua kazi hiyo kwa muda mrefu, kwani mgeni haingii katika chumba cha maarusi. Lakini tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Bihar, na maelfu ya watu wakafa. Bwana W. G. Archer, ofisa wa Serikali ya Kiingereza huko Madhubani, alipokuwa akikagua hasara, aliona kuta za ndani zilizobaki wazi, na juu yake picha ambazo hakuzitazamia. Alizipiga picha kwa kamera, na mwaka 1949 akaandika habari zake katika jarida la Marg la mjini Bombay.

Msiba wa pili ulikuwa ukame wa miaka ya 1966 na 1967. Mashamba yalikauka, na njaa ikaingia. Ndipo Bibi Pupul Jayakar, aliyesimamia mambo ya kazi za mikono katika Serikali, alipomtuma mchoraji Bhaskar Kulkarni aende Mithila na karatasi, awashawishi wanawake wachore juu yake yale waliyokuwa wakichora ukutani, ili picha zao zipate kuuzwa. Wengine walisita mwanzoni, lakini waliothubutu walipata fedha za kulisha nyumba zao. Mwaka 1975 Jagdamba Devi alipewa na Serikali nishani ya heshima iitwayo Padma Shri. Baada yake alifuata Sita Devi mwaka 1981, kisha Ganga Devi mwaka 1984.

Binti wa Mvuvi

Dulari Devi alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 katika tabaka la Mallah, yaani wavuvi, watu maskini wasiohesabiwa kuwa na sehemu katika sanaa hiyo. Aliozwa akiwa bado msichana mdogo. Mtoto wake mchanga alikufa, na ndoa ikavunjika. Alirudi kwa mama yake mikono mitupu, akafanya kazi za vibarua mashambani na utumishi katika nyumba za watu.

Nyumba mojawapo aliyopata kazi ilikuwa ya Bibi Mahasundari Devi, fundi mashuhuri wa tabaka la Kayastha. Bibi Karpuri Devi, shemeji yake, naye alikuwa fundi wa kazi hiyohiyo. Dulari alifagia huku akitazama mikono yao. Hakuwa na karatasi wala wino. Basi kila alipomaliza kazi na kurudi kwao, alilowesha udongo wa uani kwa maji, akachukua kijiti na kuchora aliyoyaona. Mchoro ulipokauka aliufuta, akaanza tena.

Jambo la kuangalia ni hili: wale mabibi walipoitambua hamu yake hawakumwambia arudi kwenye ufagio wake. Mafunzo ya kuchora yalipofanywa nyumbani kwa Mahasundari, Dulari aliingizwa pamoja na wanafunzi wengine. Karpuri alimwongoza kama binti yake. Kwao alijifunza mistari myembamba ya Kayastha, na baadaye akaweza pia kujaza rangi kwa mtindo wa Brahmin.

Alipokwisha kuwa fundi hakuridhika na kuwaiga walimu wake tu. Pamoja na picha za miungu na maarusi, alichora watu wa kwao: wavuvi na nyavu zao, wanawake mashambani, mabwawa na samaki. Maisha ambayo hayakuwa na mahali katika kuta za wakubwa yakapata mahali katika karatasi zake. Kampuni ya vitabu ya Tara Books ya mjini Chennai ilitoa kitabu kinachosimulia maisha yake, chenye picha alizozichora mwenyewe. Mahasundari alipewa Padma Shri mwaka 2011, akafariki mwaka 2013. Mwaka 2021 nishani hiyohiyo alipewa aliyekuwa mtumishi wake. Naye Dulari amewafundisha watoto wengi wa Mithila kuchora.

Tujifunze Nini?

Nyumba za udongo zinapungua huko Madhubani kama zinavyopungua kwingineko, na mchoro wa ukutani hauishi zaidi ya mvua chache. Kama ujuzi ule ungefungiwa ndani ya matabaka mawili, na kila mama akamfundisha binti yake peke yake, ungepungua pamoja na kuta. Umedumu kwa sababu walikuwako watu walioufungua mlango.

Sisi tulio makarani na wakulima tunao ujuzi wetu pia: namna ya kuweka hesabu, ya kupandikiza mche, ya kutunza ng'ombe wa maziwa. Mara nyingi kijana anayetufagilia ofisi au kutuchungia mifugo hututazama kwa makini, nasi hatumwoni. Mwenye kutaka kujifunza na akumbuke kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, kama Dulari alivyoinama juu ya udongo wa uani. Lakini mwenye kujua naye ana wajibu wake. Mahasundari hakupoteza fundi wala sifa kwa kumfundisha mtumishi. Alipoteza mfagizi mmoja tu, na nchi yake ikapata mwalimu.