Ishu moja, kamati mbili: Bunge la Marekani lilivyowachunguza Warusi

Wadau, kuna swali nalisikia sana: inakuwaje kamati mbili za Bunge la Marekani zichunguze jambo lilelile, zihoji watu walewale, halafu kila moja itoke na lake? Nitaeleza kwa ile ishu ya Urusi kuingilia uchaguzi wa rais wa 2016.

Bunge lao lina mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, na kila moja lina Kamati yake ya Ujasusi. Hakuna iliyo bosi wa mwenzake. Mapema 2017 zote mbili zikaingia kazini, kila moja na wachunguzi wake na hati zake za kuita mashahidi. Mei mwaka huohuo Wizara ya Sheria ikamteua Robert Mueller, ila huyo alikuwa anatafuta wa kumpeleka mahakamani. Kamati haifungi mtu. Ila ukiidanganya utafungwa: Michael Cohen, mwanasheria wa Trump, alizipelekea zote mbili maelezo ya uongo kuhusu mradi wa jengo la Moscow, na Novemba 2018 akakiri kosa mahakamani.

Sasa msikilize hapa. Mabaraza yote mawili yalikuwa mikononi mwa Republican, chama cha Trump mwenyewe. Kwa hiyo ukisema tofauti ililetwa na nani ana wingi, hujafika.

Kule kwa Wawakilishi kamati ilikuwa na Republican 13 na Democratic 9. Wengi ndio wanaamua nani aitwe na lini tufunge daftari. Machi 2017 mwenyekiti, Devin Nunes, alikwenda viwanja vya Ikulu kuangalia nyaraka za siri, kesho yake akampelekea Trump habari kabla hajamwambia Adam Schiff, kiongozi wa Democratic kwenye kamati. Mwenyekiti wa uchunguzi anaripoti kwa anayechunguzwa, kaazi kweli kweli! Aprili akakaa pembeni, uchunguzi akapewa Mike Conaway, lakini imani ilishakwisha. Januari 2018 Steve Bannon aliitwa akagoma kujibu maswali mengi, na wengi hawakutaka kumbana. Februari kila upande ukatoa waraka wake. Machi Republican wakapiga kura peke yao kupitisha ripoti: hakuna ushahidi wa kula njama na Warusi. Democratic wakaandika ya kwao. Nchi ikawa na ripoti mbili kutoka chumba kimoja, na kila mtu akasoma ya chama chake.

Seneti je? Pale kamati ilikuwa 8 kwa 7, na anayemfuata mwenyekiti ni makamu kutoka chama cha wachache. Richard Burr wa Republican na Mark Warner wa Democratic walikuwa wanatoka pamoja mbele ya waandishi. Mwenyekiti wa namna hiyo akimgeuka makamu wake hana pa kwenda, kura moja tu ikihama ameshindwa. Mei 2019 ikajulikana wamemwita tena mtoto wa Trump, Donald Jr., kwa hati ya lazima, na baadhi ya Republican wakaja juu. Burr hakuifuta. Walihoji mashahidi zaidi ya 200.

Kitabu chao cha 5, karibu kurasa 1,000, kilipita kwa kura 14 kwa 1. Kinasema Paul Manafort, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Trump, alimpa habari za ndani Konstantin Kilimnik, ambaye kamati inamwita afisa wa ujasusi wa Urusi. Msidhani siasa ilikufa lakini. Mwishoni kabisa baadhi ya Republican wameongeza maoni yao kwamba hiyo si njama, na Democratic wakaongeza ya kwao kwamba njama ndiyo hiyohiyo. Mimi naona hapo angalau wanagombana juu ya jina, mambo yenyewe wote wameyasaini.

Bei yake ni muda. Kitabu hicho kilitoka Agosti 18, 2020, uchaguzi mwingine ukiwa umebaki chini ya miezi mitatu.